Rahani ya Chumvi ya Ikonda

Katika zama zile, kabla reli haijapasua nchi na kabla ramani hazijachorwa na watu wasiokanyaga ardhi waliyoichora, chumvi ilikuwa na heshima kuliko pembe. Mtu aliweza kuishi miaka sitini bila kugusa jino la ndovu, lakini hakuna aliyekula ugali siku saba bila chumvi akakosa kununa. Kwa sababu hiyo nchi ndogo ya Ugwandi, mwendo wa siku themanini kutoka pwani, ilijulikana mbali kuliko ukubwa wake. Huko, mahali palipoitwa Ikonda, maji ya chumvi yalitoka chini ya miamba, na wanawake wa nchi waliyachemsha kila kiangazi mpaka yakabaki mabonge meupe. Watu walikuja kutoka pande zote na majembe, asali na ng'ombe, wakarudi kwao na chumvi.

Lakini mwaka huo Ikonda ilikuwa kimya. Mtemi Ndulu wa Ushoka, jirani na adui, alikuwa ameishambulia, akavunja vyungu vyote, akachoma vibanda na kuwateka wafinyanzi. Maji yaliendelea kutoka kama ada, yakatiririka bure mabondeni, ambako nyati waliyalamba kwa raha zao.

Habari hizo zilimfikia Mwanamize binti Shomari, mjane wa mji wa Winde katika pwani ya Mrima. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya taratibu iliyowafanya watu wainame ili wasikie. Wengine waliposikia habari za Ikonda walisikitika. Yeye aliuliza vyungu vya huko vilikuwa na ukubwa gani.

Biashara ya bara ilikuwa imekwisha mpa funzo moja chungu. Marehemu mumewe, Fumo bin Jaha, alimwaminia mkuu mmoja wa bara shehena nzima ya nguo, na kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu, aliandikisha karatasi mbele ya kadhi wa pwani, yenye muhuri na mashahidi, kwamba ghala ya pembe ya mkuu yule ni rahani yake. Muda ulipotimia alikwenda nayo. Mkuu aliitazama karatasi, akaisifu kwa weupe wake, akaipasua na kusokotea tumbaku. Fumo alirudi mikono mitupu, na msimu uliofuata akafariki. Watu walisema ni homa. Mwanamize alijua ni aibu.

"Nguvu ya kadhi inakoma pale askari wake wanapochoka kutembea," aliwaambia wanawake kumi na wawili wa Winde waliokuwa tayari kushirikiana naye. "Nikienda Ugwandi, sitaweka rahani kwa sheria ya Winde. Nitaiweka kwa sheria ya Ugwandi, hata kama sijui bado ikoje."

Wanawake wale waliuza bangili na mikufu yao. Kwa mali hiyo Mwanamize alinunua sufuria arobaini za shaba, kubwa kiasi cha mtoto kuogea ndani, pamoja na majora ya merikani, kaniki na ile nguo nyekundu iitwayo bendera. Wengi mjini walimcheka. Hawakuwahi kumwona mtu akipeleka vyombo vya jikoni bara kutafuta utajiri.

Kirangozi wa msafara alikuwa Mgalula, Mnyamwezi wa makamo, mwembamba kama fimbo, aliyevaa joho jekundu na kilemba cha manyoya ya mbuni, na aliyejua njia zote na kesi zote zilizowahi kutokea kwenye njia hizo. Yeye ndiye aliyetembea mbele na ngoma. Nyuma yake walifuata wapagazi arobaini, kila mmoja na sufuria kichwani imefunikwa chini juu, kisha wapagazi wa nguo, na mwishoni Mwanamize mwenyewe, akiwa na fimbo ya mkoma na viatu vya ngozi alivyovibadilisha mara tatu njiani.

Msafara ule ulionekana kutoka mbali. Jua lilipopiga shaba, vijiji vilidhani moto unatembea. Mvua iliponyesha, matone yalilia juu ya sufuria kama ngoma arobaini, na wapagazi walicheza badala ya kulalamika. Walipofika kwenye mto uliofurika, ambao ungewaweka siku kumi ukingoni, Mwanamize aliamuru nguo ziwekwe ndani ya sufuria, na watu wakaogelea wakizisukuma kama mitumbwi. Sufuria moja ilichukuliwa na mkondo ikiwa na majora manne. Mgalula aliifuata mbio ukingoni huku akiitukana, akaipata imekwama kwenye matete, na ndani yake chura mmoja amekaa juu ya merikani kama sultani.

Siku ya themanini na tatu waliingia Ugwandi.

Mtemi Lusangija aliwapokea kwa furaha isiyofichika. Alikuwa mtu mnene, mkarimu, mwepesi wa kutoa ahadi, na katika mkono wake wa kushoto alivaa bangili za pembe mpaka kwenye kiwiko. Alipoziona sufuria, alizigonga moja moja kwa kidole, akasikiliza mlio. Akasema nchi yake haina cha kutoa mwaka huo, kwa kuwa vita imemaliza ghala, lakini mgeni asiogope. Chemchemi zote za Ikonda, ardhi na maji yake, zingekuwa mali ya Mwanamize mpaka aridhike.

Mfanyabiashara mwingine angepiga magoti kushukuru. Lakini Mwanamize aliwaona wanyampara, wale wazee wa baraza la mtemi, wakitazamana na kukohoa. Akamgeukia Mgalula, akamnong'oneza kuuliza kikohozi kile kina maana gani.

Mgalula alimweleza kwamba katika nchi zile ardhi ni ya waliokufa na watakaozaliwa. Mtemi anaitunza tu, na mgeni hawezi kuishika hata kidogo. Ahadi ile ingeishi kadiri mtemi alivyo hai, na siku ya kumzika ingezikwa naye.

Mwanamize akasimama. "Mtemi," alisema, "usinipe usichoweza kutoa. Nipe kidogo unachoweza, nami nitalala usingizi."

Mnyampara mmoja akacheka, na wote wakacheka, na mtemi pia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa. Tangu hapo mazungumzo yalikwenda vizuri. Mwanamize aliuliza maswali kama mtu anayejifunza kupika chakula cha ugenini. Hapa mtu akishika kitu cha mwenzake, hujulikanaje? Nani hushuhudia? Mwenye kukishika akiwa mgeni, nani humshikia? Alisema kwao kuna methali: ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Yeye alikuja kufumba jicho lake, ila alitaka kuambiwa ni lipi.

Siku tatu walishauriana. Mwishowe ilikubaliwa hivi. Ardhi na maji ya Ikonda yangebaki ya Ugwandi. Sufuria zingebaki mali ya Mwanamize kwa misimu minne, na katika kila vikapu vitatu vya chumvi, kimoja kingekuwa rahani yake, kisiguswe na mtemi wala na mtu mwingine mpaka yeye apate thamani ya sufuria na nguo zake pamoja na faida. Baada ya hapo sufuria zingekuwa za wanawake wachemshaji. Na kwa kuwa mgeni hakuweza kushika kitu Ikonda, mahali patakatifu kwa wenyeji, rahani ingeshikwa kwa niaba yake na mwenyeji. Mwenyeji huyo alikuwa Kabula, mwenye kuwaongoza wachemshaji wa Ikonda.

Kabula alikuwa mwanamke mrefu, mikono yake ina makovu ya moto mpaka begani, na ulimi wake ulikuwa mkali kama maji aliyoyachemsha. Alipoitwa barazani hakufurahi. Akauliza kwa nini alinde mali ya mtu ambaye jana hakumjua. Mwanamize hakumjibu kwa maneno matamu. Alimwambia kwamba zikivunjwa sufuria zile, yeye Mwanamize atapoteza misimu minne, lakini Kabula na binti zake watapoteza sufuria za maisha yao yote. Kabula alifikiri.

"Basi nitazilinda zaidi yako," alisema. "Lakini usinifundishe kuchemsha."

Ndipo desturi ilipotimizwa. Kwenye masikio ya kila sufuria ulifungwa ukanda wa nguo nyekundu ya bendera, na vikapu vya rahani vikatiwa ukanda kama huo. Na katika magulio matatu mfululizo mpiga mbiu wa mtemi alizunguka na pembe ya swala, akitangaza mbele ya wenyeji, wageni na wapita njia: chenye ukanda mwekundu kina mwenyewe, na mwenyewe ni binti Shomari, na mkono wake ni Kabula, mwenye neno na aseme sasa. Aliyesema neno alikuwa bibi mmoja tu, aliyedai ukanda ule ungependeza zaidi kichwani kwake. Alipewa mmoja.

Mioto ikawashwa. Ikonda ilifuka moshi tena, na nyati wakasikitika.

Wiki ya tatu ya uchemshaji, mgeni mwingine akawasili. Alikuja na watu thelathini wenye magobore, hema jeupe, na viatu vilivyong'arishwa. Aliitwa Khelef bin Saburi, mfanyabiashara wa pwani, mzuri wa sura na mpole wa maneno. Alikwenda kwa mtemi, akafungua mkoba, akatoa karatasi. Ilikuwa imeandikwa mbele ya kadhi miezi miwili kabla ya Mwanamize kuondoka Winde. Ndani yake mpwa wa mtemi, aliyetumwa pwani kununua silaha, alikuwa ametia alama ya kidole kwamba kwa ajili ya magobore mia na baruti, chumvi yote ya Ugwandi, pamoja na chemchemi zake, ni rahani ya Khelef.

Mtemi aliona haya. Magobore aliyapokea, na mpwa wake alimwambia tu kwamba mwenye nayo ni mtu mwema asiye na haraka. Sasa alikuwa na wageni wawili na chumvi moja. Akasema baraza litakaa kuamua mwezi ukiandama, kisha, ama kwa fikra au kwa maziwa mabaya, akashikwa na tumbo akalala.

Khelef akaenda Ikonda, akapiga hema lake ng'ambo ya kijito, akamtembelea Mwanamize kwa heshima zote.

"Bi Mwanamize," alisema, "sikuja kugombana na binti wa watu. Lakini karatasi yangu imetangulia yako."

"Mimi sina karatasi, Bwana Khelef," alijibu. "Nina Kabula."

Khelef alimtazama Kabula, aliyekuwa akikoroga maji yanayochemka kwa kata yenye urefu wa mkuki, akaona afadhali anywe kahawa yake na kuaga.

Usiku Mwanamize alilala, lakini moyo wake haukutulia. Karatasi ilikuwa ya kweli, na baruti ilikuwa ya kweli. Aliwafikiria wanawake kumi na wawili wa Winde waliokuwa wakitembea mikono mitupu kwa ajili yake. Aliwaza pia kwamba Khelef hakuwa mwizi. Alikuwa kama marehemu Fumo, mtu mwangalifu aliyeiandika haki yake kwa nchi isiyosoma.

Siku nne kabla ya baraza, asubuhi, mtema kuni alikuja mbio na habari kwamba majeshi ya Ndulu yanakuja. Hila yao ilikuwa nzuri. Walituma kikosi kidogo magharibi, kikachoma mashamba, na wapiganaji wote wa Ugwandi wakakimbilia huko. Sasa kikosi kikubwa, watu mia mbili na zaidi, kilikuwa kinashuka kwenye bonde la Ikonda, na hapakuwa na mtu wa kukizuia isipokuwa wanawake wachemshaji, watema kuni, na wapagazi wa pwani. Jumla yao haikufika mia.

Mwanamize alivuka kijito akiwa amekunja kanga yake magotini, akaenda kwa Khelef. Watu wake walikuwa tayari wanafunga hema. Alimwomba magobore thelathini.

Khelef alijikuna kidevu. Akasema vita haikuwamo katika mapatano yake, lakini kama binti Shomari angeiacha rahani yake mbele ya mashahidi, basi watu wake wangepigana kama simba.

"Wakivunja sufuria," Mwanamize alimuuliza, "karatasi yako itashika nini?"

Hakungoja jibu, kwa kuwa vumbi lilikuwa limekwisha onekana.

Aliporudi, Mgalula alishauri wachukue sufuria wakimbilie milimani. Kabula alikataa. Alisema sufuria zimejaa, na maji yaliyojaa yanachemka, na ingekuwa hasara kuyamwaga chini bure. Akasema hivyo bila kucheka. Mwanamize alimtazama, akaelewa, na mara hiyo hiyo akaanza kutoa amri kwa ile sauti yake ya taratibu, watu wakainama kusikia, wakaondoka mbio.

Ikonda ilikuwa imezungushiwa ua wa miti, na mbele yake mlango mmoja mwembamba kati ya miamba. Sufuria ishirini zilisogezwa karibu na ua, mioto ikachochewa mpaka maji ya chumvi yakarukaruka. Wanawake walishika kata zao ndefu. Sufuria ishirini nyingine zilimwagwa, zikapozwa kwa maji ya kijito, na wapagazi wakazivaa vichwani kama walivyozivaa njiani kwa siku themanini na tatu. Mashoka ya kuni na mapanga yakagawiwa. Kisha Kabula akawaambia watupe majani mabichi motoni, na moshi mzito mweupe ukafunika bonde lote.

Majeshi ya Ndulu yalikuja yakiimba, manyoya ya pundamilia yakitikisika magotini mwao, na mikuki ikimeta. Yalipofika mlangoni yaliingia ndani ya moshi, na wimbo ukakatika. Kata ya kwanza ilikuwa ya Kabula. Ilifuatwa na nyingine ishirini, kisha nyingine ishirini. Maji ya chumvi yanapochemka hayana huruma: yanaunguza kwanza, halafu chumvi inaingia kwenye kidonda kukumbusha. Watu waliokuja kuteka wanawake waliruka kama bisi. Mikuki iliyorushwa juu ya ua ilitua kwenye sufuria za wapagazi, ikalia, ikadunda na kuanguka. Mgalula alipiga ngoma ya msafara, ile ya kuondoka kambini, na wapagazi, kwa mazoea tu, wakaanza kutembea mbele kwa mstari.

Adui wakaona ndani ya moshi viumbe ishirini vyenye vichwa vikubwa vya shaba vinakuja kwa mwendo wa ngoma, mikuki haiviingii. Waliokuwa mbele walitaka kurudi. Waliokuwa nyuma, wasiojua lililoko mbele, walizidi kusukuma. Lakini walikuwa wengi, na kuni zilikuwa zinaisha, na upande wa kijito kundi moja lilikwisha pata pengo kwenye ua. Lilivunja miti mitatu na kuingia. Mwanamize mwenyewe alikuwa pale, na watu sita, na mkononi alikuwa na kata tupu. Alimpiga nayo mtu wa kwanza usoni. Mgalula alitupa ngoma, akaja mbio, akapata mkuki wa paja.

Hapo yakasikika magobore.

Khelef alikuwa amekaa ng'ambo ya kijito akitazama moshi, na swali aliloachiwa lilimwasha kama upupu. Alijaribu kulijibu, hakuweza. Mwisho akatukana, akavua joho, akavuka maji na watu wake thelathini, na viatu vyake vilivyong'arishwa vikabaki matopeni. Risasi zake ziliwapata adui ubavuni. Walioingia kwenye pengo walitoka kwa pengo lile lile, na jeshi zima likakatika vipande, likakimbia kupanda bonde, likiacha mikuki, ngao na hata chakula cha njiani.

Jioni walihesabu watu. Wawili wa watema kuni walikuwa wamekufa, wakazikwa kwa heshima na Kabula akawalilia kama ndugu. Waliojeruhiwa walikuwa wengi. Mgalula, kwa kuwa mkuki ulimpata nyuma ya paja karibu na kalio, aliagiza isemwe njia zote kwamba alichomwa akisonga mbele, ila adui alikuwa kazunguka. Sufuria tatu zilikuwa zimetoboka. Thelathini na saba zilikuwa nzima.

Mtemi Lusangija alipona tumbo siku alipopata habari hizo, na baraza likakaa hapo hapo Ikonda, watu wakijaa mpaka juu ya miamba.

Khelef alisoma karatasi yake. Mpiga mbiu akatoa ushahidi wa magulio matatu. Kabula aliulizwa, akasema kwa kifupi kwamba karatasi ile huenda ilitangulia pwani, lakini Ugwandi hakuna sikio lililoisikia wala jicho lililoiona, na ilidai hata chemchemi, ambazo hata mtemi hana ruhusa ya kuzitoa. Akakumbusha pia desturi ya nchi: ukishikishwa ng'ombe wa mtu, simba akija ni wako wewe. Nani alisimama mbele ya simba?

Umati ulinguruma. Wanyampara waliinamiana, na mkubwa wao akamwambia mtemi kwamba jambo limekwisha: binti Shomari ana haki, na karatasi ya yule mwingine itupwe motoni. Watu wakashangilia. Mtu mmoja alikwisha nyosha mkono kuichukua.

Khelef alikunja karatasi yake polepole. Mwanamize alimtazama, akakumbuka tumbaku.

Akaomba kusema.

"Mtemi, nashukuru kwa hukumu. Niwe wa kwanza. Lakini msiichome karatasi ya mtu huyu. Baruti yake mliipokea, na magobore yake yalilia siku ile kwa ajili yetu sote. Awe wa pili. Nikimaliza mimi, aanze yeye. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkimla mgeni mmoja leo, kesho nani atabeba sufuria siku themanini kuja kwenu?"

Mtemi alizungusha bangili zake. Kisha akasema kwamba mgeni amelifundisha baraza lake adabu ya nyumba yao wenyewe, na ikaamuliwa kama alivyosema. Mpiga mbiu alipewa kazi nyingine ya magulio matatu, na safari hii rahani ya Khelef ilitangazwa nayo, ya pili, kwa ukanda mweusi wa kaniki, na bila ya chemchemi.

Tokea siku hiyo Ikonda haikupata mlinzi mwenye bidii kama Khelef bin Saburi. Kwa kuwa fungu lake lingeanza tu fungu la Mwanamize likitimia, hapakuwa na mtu aliyetaka chumvi ya mwanamke yule iende haraka kuliko yeye. Alijenga upya ua kwa miti minene. Alituma watu wake kutema kuni. Mvua ikichelewesha uchemshaji, yeye ndiye aliyetembea huku na huku akiangalia mawingu, na Kabula akimwambia aache kuyatisha. Alinunua viatu vya ngozi ghafi kama vya wapagazi, na watu wakasema vinamfaa zaidi.

Misimu minne ilikuwa imekadiriwa. Mitatu ilitosha. Siku ya mwisho Mwanamize mwenyewe alipita na kisu kidogo, akakata ukanda mmoja mmoja mbele ya gulio zima, na mpiga mbiu akatangaza kwamba binti Shomari ameshiba, hana tena neno na mtu Ugwandi. Sufuria thelathini na saba zikawa za wachemshaji. Kabula, ambaye hakuwahi kumwita kwa jina lolote zaidi ya "mgeni", alimshika mabega kwa mikono yake yenye makovu, akamwita mdogo wangu, kisha akageuka haraka akasema moshi unamwingia machoni. Siku hiyo hapakuwa na moto uliowashwa.

Mwanamize alirudi Winde na pembe, asali na mikuo ya shaba, vyote alivyonunua kwa chumvi yake, na wanawake kumi na wawili walivaa bangili nzito kuliko zile walizouza. Wafanyabiashara wa pwani walikuja kumuuliza alifanyaje, na wengi wao, baada ya kumsikiliza, walianza kupeleka bara masikio yao kwanza ndipo mali zao.

Miaka mingi ikapita. Mwanamize alizeeka akiwa na nyumba ya mawe na wajukuu. Siku moja msafara mkubwa uliwasili kutoka bara, na miongoni mwa wapagazi alikuwamo mwimbaji kijana wa Ugwandi. Watu walimkalisha barazani kwa bibi, wakamwomba aimbe habari za kwao. Akaimba vita vya Ikonda. Sauti yake ilikuwa nzuri sana. Aliimba jinsi Mtemi Lusangija alivyosimama peke yake mlangoni pa chemchemi, bangili zake zikimeta, akawarudisha watu elfu mbili kwa kuwakazia macho.

Mwanamize alisikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza kwa sauti ile ile ya taratibu kama katika vita hivyo hapakuwa na wanawake.

Kijana alifikiri, kwa kuwa alikuwa mkweli na hakutaka kumdanganya mtu mzima. "Walikuwapo, Bibi. Wenyeji, na mmoja mgeni kutoka pwani. Lakini wao walikuwa wakipika tu."

Wajukuu walitaka kusema. Bibi akawazuia kwa mkono, huku akicheka mpaka ushungi ukamwanguka.

"Ni kweli, baba," alimwambia. "Tulipika." Akaagiza kijana yule apewe jora zima la merikani, na akamwomba auimbe tena wimbo wake tangu mwanzo.